Kwa Mashemeji

Mtaani kwetu hakuna aliyesema anakwenda karakana. Walisema wanakwenda Kwa Mashemeji, na kila mtu alijua ni wapi. Mume wangu ni seremala, kaka yangu alikuwa fundi wa kuvalisha makochi, na mimi ndiye niliyewafanya waitane shemeji. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye, kwenye kesi, watu wenye elimu zao walizungumza habari za hawa wawili kutwa nzima bila kunitaja hata mara moja, utadhani waliokotana njiani.

Mume wangu walimwita Msumari. Ni mwembamba, amenyooka, na akishaingia kwenye neno kumtoa ni kazi. Kaka walimwita Sponji. Alikuwa mnene, mcheshi, mtu wa kukaa popote na kukubali lolote. Msumari alitengeneza fremu: alipasua mbao, akapiga randa, akaunganisha kwa gundi. Sponji aliipokea, akafunga mikanda ya mpira, akapanga sponji, kisha akavuta kitambaa na kukigongea huku misumari midogo ameibana mdomoni, akiitoa mmoja mmoja kwa ulimi. Wateja walikuwa wanaogopa ataimeza. Aliongea nayo mdomoni hivyo hivyo, na mume wangu peke yake ndiye aliyeelewa anasema nini.

Walikuwa na jambo lao. Kochi likikamilika, kabla halijatoka, walilikalia wote wawili, Msumari mwisho huu na Sponji mwisho ule. Hawasemi kitu. Wanakaa kidogo, wanategea sikio, kisha wanainuka kwa pamoja. Mbao ikilia, au upande mmoja ukichelewa kurudi juu, kochi haliondoki hata kama mteja yuko mlangoni na gari linanguruma. Kaka alikuwa akiwaambia wateja kwamba kochi likishaweza kubeba mzigo na ufito kwa wakati mmoja, hakuna familia itakayolishinda.

Mkataba hawakuwa nao. Mteja alimlipa aliyekuwa karibu. Mwenye shida alichukua, mwenzake hakuuliza, na mbao zikiisha aliyekuwa na nafasi alikwenda kununua. Mimi na wifi yangu, mke wa kaka, tulikuwa tunawacheka, tunasema wale wawili wameoana, sisi ni wageni tu. Nilikuwa na furaha siku zile, na nilijua kuwa nina furaha, jambo ambalo si kila mtu hupewa.

Asubuhi moja akaja kijana wa mamlaka ya kodi. Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia, akasalimia, akawakuta wamekaa kwenye kochi la mteja, kila mmoja mwisho wake, wametulia tuli. Akasubiri mpaka wainuke. Halafu akauliza, kwa adabu kabisa, "Samahani wazee, hii biashara ni ya nani?"

"Yetu," mume wangu akasema.

Kaka, na misumari yake mdomoni, akatikisa kichwa kukubali.

Basi. Neno moja na kichwa kimoja. Tangu zamani kila mmoja wao alikuwa amejiandikisha kivyake kama fundi mdogo, na kila mmoja alilipa kodi ya mafundi wadogo, kwa sababu ndivyo walivyoambiwa dirishani enzi hizo kila mmoja alipokwenda na siku yake. Hakuna aliyekusudia kumwibia mtu. Lakini mamlaka ikasema sasa imeona: hawa si mafundi wawili, huu ni ubia. Ni biashara moja, na ukiiweka pamoja si ndogo tena. Walipaswa kutoza kodi ya ongezeko la thamani miaka yote ile, na kwa kuwa hawakutoza, wailipe wao pamoja na faini. Kiasi chenyewe sikitaji. Ningekitaja mngedhani tulikuwa na kiwanda.

Na kwenye ubia, tukaja kujua, deni halina nusu. Kila mbia anadaiwa lote. Mmoja akishindwa, wanamgeukia mwenzake, mpaka nyumba.

Tulikwenda kwa wakili mmoja, mama wa makamo ambaye mume wangu alimtengenezea meza ya ofisini, naye akakubali kulipwa kidogo kidogo. Alikuwa na sauti ya upole na alisikiliza mpaka mwisho. Akatueleza kwamba ubia hauhitaji karatasi. Kinachoulizwa ni kama watu walikubaliana kufanya biashara kwa pamoja na kugawana faida.

"Sasa niambieni ukweli," akasema. "Mliwahi kukubaliana?"

Wakatazamana. "Kukubaliana nini?" kaka akauliza.

"Kugawana faida."

"Faida ipi tena, mama?"

Tukacheka wote, hata wakili. Akaandika. Halafu akasema hilo lilikuwa jibu zuri kuliko kaka alivyodhani, na kwamba tungekata rufaa kwenye baraza la rufaa za kodi kusema hapakuwa na ubia, palikuwa na undugu tu. Mashemeji wawili wanaosaidiana chini ya paa moja. Ila akatuonya. Watu wa mapato wangekuja tena kuchungulia. "Mkisema ninyi ni wawili, muwe wawili. Kila mtu na mlango wake, zana zake, wateja wake. Na hayo mambo ya kukaa pamoja kwenye kochi, tafadhali, yaacheni kwanza."

Kwa hiyo wakajenga ukuta. Waliujenga wao wenyewe, kwa mikono yao, Jumapili moja. Kaka alikoroga saruji na kutia chumvi kwenye mazungumzo, mume wangu alivuta uzi na kupanga matofali, na mimi na wifi tulileta chai. Ukuta ulikatiza karakana katikati kuanzia sakafuni hadi kwenye bati. Kaka alisema ukuta mzuri kama ule ni aibu kuutumia kwa uongo. Walipofika juu, tofali la mwisho walilishika wote wawili, huyu huku na yule kule, kisha wakawa hawaonani.

Kibao cha nje kilichoandikwa Kwa Mashemeji wakakipaka rangi, jina lisionekane. Sasa mteja alinunua fremu kwa mume wangu, akaibeba mwenyewe hadi barabarani, akaingia nayo mlango wa pili kwa kaka. Watu waliona kama mchezo. Wengine waliuliza mmegombana nini, na sisi, kwa maelekezo ya wakili, tulijibu kwamba hatujagombana, kila mtu na biashara yake tu.

Siku ya kwanza barazani tulivaa nguo za sherehe. Ilikuwa ghorofani, chumba chenye zulia, na wazee watatu nyuma ya meza ndefu. Benchi tulilokalia lilikuwa linayumba, na mume wangu akainama kulichungulia mguu, ikabidi nimvute shati. Kaka alishindwa kujizuia, mabega yakawa yanamcheza. Hapo bado walikuwa wao.

Waliapa, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja akasema yule ni shemeji tu, sina biashara naye. Nilikuwa najua wanasema kwa ajili ya kesi. Hata hivyo kaka aliposema "sina biashara naye", nilimwona mume wangu anatazama viatu vyake.

Hatukufika mbali. Wakili wa mapato alisimama na pingamizi. Kwa nilivyoelewa, alisema baraza lile kazi yake ni kodi: imekadiriwa sawa au haikukadiriwa sawa. Swali la kama watu fulani ni wabia au si wabia si swali la kodi, ni swali la hali yao, na yenye mamlaka ya kulijibu ni Mahakama Kuu. Wazee watatu wakaenda kufikiri. Waliporudi, mwenyekiti akasema pingamizi limekubaliwa. Baraza halina mamlaka ya kutuambia kama tulikuwa wabia. Twende Mahakama Kuu, tukishajua sisi ni nani ndipo turudi.

"Kwani sisi hatujui sisi ni nani?" kaka akaninong'oneza. Hilo ndilo neno lake la mwisho la utani ninalolikumbuka ndani ya jengo lile.

Mahakama Kuu ina foleni yake. Mara jaji kahamishwa, mara jalada halionekani, mara limeonekana ila ni siku ya mapumziko. Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia. Na muda wote huo wakili wetu alirudia lile lile: vumilieni, msionekane pamoja, kesi bado mbichi. Tulisema ni kwa muda tu. Mimi mwenyewe nilisema hivyo kwa watoto walipouliza mbona mjomba haji.

Lakini mtu hawezi kujifanya mgeni kila siku halafu jioni akavua ugeni kama koti. Ilianza na mteja aliyerudisha kochi linalolia. Zamani wangelifumua pamoja. Safari hii kaka akamwambia mteja, "Mimi nimevalisha tu. Muulize mwenye fremu." Mume wangu alilisikia lile neno kupitia ukutani, maana ukuta ulikuwa wa matofali lakini bati lilikuwa moja, na sauti ilipita juu. Jioni hakula. Nikamwambia shemeji yako amesema vile kwa sababu ya kesi. Akasema, "Mteja yule si wa mapato."

Baadaye mume wangu akampata kijana mwingine wa kumvalishia makochi, wa mtaa wa pili. Kaka naye akaanza kununua fremu za kiwandani, zile za mbao nyepesi ambazo zamani alizicheka. Hawakugombana, naapa. Wangegombana ningejua la kufanya, ningewaita, ningelia, ningewatukana wote wawili na kuwapikia. Walipungukiana tu. Wakikutana njiani walisalimiana vizuri, wakaulizana hali za watoto, kila mtu akashika njia yake.

Nilimfuata kaka kwake, nikamwambia haya mambo yananitoa roho. Alikuwa amekaa kibarazani anamenya chungwa. "Mdogo wangu," akasema, "kesi ikiisha tutabomoa ule ukuta siku hiyo hiyo. Nimeshaweka nyundo kubwa." Akanipa kipande cha chungwa. Nikamwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini.

Hatimaye Mahakama Kuu ikazungumza. Ilisema baraza lilikosea. Huwezi kuamua kodi ya ubia bila kuamua kama ubia upo, na mwenye kazi ya kuamua kodi ndiye mwenye kazi ya kuamua hilo lingine. Baraza lilikuwa na mamlaka tangu siku ya kwanza. Turudi kule tulikotoka, tuanze upya. Wakili alifurahi sana, akasema ni uamuzi utakaosaidia watu wengi. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani Jumapili zote ambazo meza yangu ilikuwa na pengo, na sikuona watu wengi, niliona wawili tu.

Kaka hakuiona siku ya kurudi barazani. Mteja wake mmoja, mama aliyekuja kuulizia kiti, alimkuta mchana ameanguka sakafuni kando ya kiti hicho hicho, kitambaa kimegongewa upande mmoja. Yule mama akapiga kelele. Mume wangu akatoka mlango wake, akazunguka kwa nje, akaingia mlango wa kaka, na nilipofika mimi nilimkuta amekaa chini amempakata kichwa, anamtoa misumari mdomoni. Daktari alisema ni moyo. Alisema huenda ilitokea asubuhi, na kwamba si rahisi kusema kama angewahiwa ingekuwaje.

Sitaeleza msiba. Kaka yangu alikuwa mmoja tu.

Baada ya mazishi wakili akaja nyumbani, akaketi. Kisha akasema kesi haifi na mtu. Wifi yangu ameteuliwa kusimamia mirathi, kwa hiyo yeye ndiye atakayesimama mahali pa marehemu. Tukishindwa, deni lote linaweza kudaiwa kwenye mali aliyoiacha, na mali aliyoiacha ni ile nyumba anayoishi wifi na watoto.

Mume wangu akasubiri wakili aondoke. "Sitaweza kuapa tena," akasema. "Nikiambiwa niseme huyu alikuwa nani kwangu, nitasema tulikuwa pamoja. Nitasema ilikuwa yetu."

"Sema," nikamjibu. "Sema, halafu mke wake ukamweke wapi?"

Nilikuwa mkali. Nilikuwa nimefiwa na kaka, na nilimwona mume wangu kama mtu anayetaka kujifariji kwa kutumia paa la wenzake. Asubuhi akaniambia ataapa.

Siku ya kusikilizwa, wakili wa mapato alikuwa yule yule na suti ile ile. Alisema ukuta ni maigizo. Alisema watu hawa walimwambia ofisa kwa vinywa vyao kuwa biashara ni yao, halafu walipodaiwa wakanunua matofali. Wameishi kama wabia siku zote na ukuta haukubadilisha kitu isipokuwa mwonekano. Nilimsikiliza nikaona, Mungu anisamehe, kwamba yule mtu wa mapato ndiye pekee mle ndani aliyekuwa anamwelezea kaka yangu vizuri.

Basi ikawa juu ya wakili wetu kuonyesha kwamba utengano ulikuwa wa kweli. Alishamwandaa mume wangu. Angemuuliza alipataje habari za kifo, naye angejibu kwamba alisikia kelele za mteja, mchana, kama jirani yeyote. Ni kweli tupu, haina hata punje ya uongo. Wifi alikaa kushoto kwangu, nimeshika mkono wake.

"Siku shemeji yako alipofariki ulikuwa wapi?" wakili akauliza.

"Kazini. Upande wangu wa ukuta."

"Na ulipataje habari?"

Mume wangu akawageukia wazee watatu.

"Nilisikia nyundo yake ikinyamaza," akasema.

Nilidhani sikumsikia vizuri. Wakili alikuwa na kalamu mkononi, akaiweka mezani.

"Asubuhi," mume wangu akaendelea. "Alikuwa anagongea kitambaa. Ana mpigo wake, mara mbili kidogo kidogo, halafu moja kubwa. Nikasikia zile mbili. Kubwa haikuja. Nikasimamisha randa, nikasubiri. Halafu kikaanguka kitu kizito."

Mwenyekiti wa baraza ndiye aliyeuliza. "Ukafanya nini?"

"Nikasema, labda ameshusha gunia la sponji. Nikasema, hayanihusu. Nikaendelea na kazi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka yule mama alipopiga kelele."

"Na kwa nini hukwenda kutazama?"

"Tulikuwa tumekatazwa kuonekana pamoja, mheshimiwa." Akafuta uso kwa kiganja. "Hapana. Mwanzoni ndiyo tulikatazwa. Siku ile nilikuwa nimeshazoea."

Wifi akatoa mkono wake kwenye wangu. Hakuutoa kwa hasira, aliutoa polepole, akauweka mapajani pake. Mimi nilikuwa nimelala kitanda kimoja na mtu huyu tangu msiba, nimelia kifuani kwake, nimemuuliza mara ngapi kama kaka aliteseka, naye ananijibu hajui. Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia pale pale kwenye lile benchi linaloyumba, na nilimhurumia vile vile, na sikujua nianze na lipi.

Tuliporudi nyumbani sikumtukana. Nilimuuliza tu kwa nini hakuniambia mimi kwanza. Akasema alijaribu, ila kila alipofungua mdomo aliona uso wa kaka kwenye uso wangu. Tunafanana, kweli. Nikahamia kulala na watoto.

Uamuzi ulisomwa mvua ikinyesha, mwenyekiti akilazimika kupaza sauti. Alisoma mambo mengi. Alisema sasa hakuna shaka baraza lina mamlaka. Alisema neno "yetu" lililosemwa kwa ofisa linaweza kuwa neno la kifamilia tu. Alisema undugu peke yake si ubia. Kisha akafika pale ambapo nilijua atafika.

"Baraza limezingatia kwa uzito mkubwa ushahidi wa mrufani wa kwanza," akasoma, "kwamba marehemu alianguka umbali wa ukuta mmoja kutoka alipokuwa yeye, akasikia, na hakuona kuwa jambo hilo linamhusu. Ushahidi huu haukuwa wa kumpendezesha aliyeutoa, na kwa sababu hiyo tunauamini. Baraza halioni ni vipi watu wa namna hiyo wanaweza kuitwa wabia. Tunaamua kwamba hapakuwa na ubia kati yao wakati wowote."

Rufaa ikakubaliwa. Deni likafutwa lote. Wifi alilia, na mimi nililia, kwa sababu nyumba imepona, na watu waliokuwa wanasubiri kesi zao walitupisha njia kwa heshima. Wakili alitukumbatia mmoja mmoja pale ukumbini. Alipofika kwa mume wangu, yeye hakuinua mikono.

"Nataka kukata rufaa," akasema.

Wakili alitabasamu, akidhani ni utani. Halafu akaacha kutabasamu. "Rufaa ya nini, fundi? Umeshinda."

"Wamesema wakati wowote. Umesikia? Siyo tangu ukuta. Wakati wowote."

"Ni lugha ya kisheria tu. Wanazungumzia kodi."

"Wamesema hatukuwa pamoja wakati wowote, na wameandika, na ni mimi niliyewapa maneno ya kuandika. Nataka nikatae."

"Aliyeshinda hana haki ya kukata rufaa," wakili akamwambia taratibu, kama unavyomwambia mgonjwa. "Hakuna mahakama yenye mamlaka ya kukusikiliza. Anayekata ni aliyeshindwa."

"Na aliyeshindwa ni nani?"

"Ni wao. Watu wa mapato."

Mume wangu akamtazama yule wakili wa suti, aliyekuwa anafunga mkoba wake upande wa pili wa ukumbi. "Basi nenda kawaambie wakate," akasema. "Tafadhali, mama. Waambie mimi sitawapinga."

Wakili akanitazama mimi. Nikamshika mume wangu mkono, mara ya kwanza tangu siku ile ya ushahidi, nikamwongoza kwenye ngazi.

Watu wa mapato walikuwa na muda wao wa kukata rufaa, na muda huo mume wangu aliungoja kuliko nilivyowahi kumwona anangoja kitu. Kila jioni akirudi kazini, kabla hajanawa, aliniuliza kama wakili amepiga simu. Wifi hakuja kwetu. Aliwatuma watoto na salamu, na salamu zilikuwa nzuri, ila miguu yake mwenyewe haikufika. Upande wa kaka ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na mume wangu akawa anapiga randa mlango wake ukiwa wazi kabisa, hata siku za vumbi.

Wakili akapiga simu asubuhi moja, nikiwa naanika nguo. Sauti yake ilikuwa na furaha. Alisema muda umepita, uamuzi sasa ni wa mwisho, hakuna anayeweza kuugusa tena. Nikamshukuru, kwa sababu alistahili kushukuriwa. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, ananisoma usoni.

"Hawakukata," nikamwambia.